Mashine ya kusoma ubongo ije kwanza kusoma Njombe

Ukishuka stendi ya Makambako alfajiri ya mwezi wa Saba, upepo hukupokea kabla ya wapiga debe. Hapa ndipo barabara ya Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na Dar es Salaam, na reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Karibu kila mgonjwa wa upande huu anayetumwa mbali kutibiwa hupita hapa. Mgonjwa wa kichwa utamtambua kwa bahasha. Ni bahasha kubwa ya kaki, haikunjwi, haiwekwi kwenye buti la basi, na mwenye nayo huipakata kama kitoto kichanga.

Mimi niliipakata bahasha ya namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, mama yangu mdogo akiwa ameegemea bega langu. Alikuwa ameumwa kichwa miezi mingi. Kisha mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, na asubuhi moja akaanguka kwenye matuta ya viazi, povu mdomoni, watoto wakipiga kelele. Kijijini wakasema yale yasemwayo kila mtu anapoanguka kifafa ukubwani. Sisi tukampeleka hospitali. Akapigwa picha ya CT, na baada ya kusubiri siku mbili tukaambiwa kwa sauti ya chini kwamba kuna uvimbe kwenye ubongo, twende Dar.

Neno uvimbe likimwangukia mtu wa kijijini halina ngazi. Halisemi mkubwa au mdogo, wa kupona au wa kuua. Ukoo ulikaa usiku ule ukiwa umeshaanza kuomboleza. Wakauza nguruwe wanne. Wakamuuzia dalali kipande cha msitu wa misindano ambacho hakijafikia umri wa kuvunwa, kwa bei ambayo dalali aliitaja mara moja na hakuna aliyebisha. Tukaondoka, Mafinga, Iringa, tukateremka Kitonga, tukapita Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, zaidi ya kilomita 600, na muda wote huo mama mdogo hakuuliza swali hata moja.

Swali liliulizwa na daktari. Aliinua picha akaitazama kwenye taa, akanyamaza kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu kuliko safari, kisha akageuka akasema, “Mama, nyumbani mnafuga nguruwe?”

Mama mdogo alidhani hakusikia vizuri. “Tunafuga, baba. Tumeuza wanne ndiyo tukaja huku.”

Akaulizwa kama wamefungiwa bandani au wanazurura. Akaulizwa habari za choo, kama kila nyumba ya jirani inacho. Daktari akampapasa mikono na mgongo akitafuta vinundu chini ya ngozi, akaagiza vipimo vingine. Haikuwa saratani. Yalikuwa mabuu ya tegu, yule mnyoo wa nguruwe, yaliyojijengea vifuko ndani ya ubongo. Alilazwa, akapewa dawa ya minyoo pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe na ya kifafa, chini ya uangalizi, kwa sababu buu likifia ubongoni bila kinga hiyo mgonjwa anaweza kuzidiwa. Leo yuko kwake, analima.

Nimekumbuka bahasha ile kwa sababu siku hizi kila ninapogeuka nasikia habari za kompyuta zinazosoma picha za ubongo na kutaja aina ya uvimbe kwa usahihi wa asilimia 98, asilimia 99. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaandika tasnifu juu yake. Wakubwa wanaitaja kwenye hotuba. Nami niseme wazi ninaposimama: naitaka mashine hiyo Njombe, na ninaitaka kwa moyo wote. Lakini mashine inayosifiwa leo, ingewekewa picha ya mama yangu mdogo, isingekuwa na namna yoyote ya kutoa jibu sahihi. Akili ya kompyuta inayo. Tatizo ni kwamba jibu lenyewe halimo miongoni mwa majibu iliyofundishwa kutoa.

Tuanze na mashine ya picha. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza duniani aliingizwa kichwa kwenye kifaa cha Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, na picha ikauonyesha. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimeshaanza kufikiriwa huku kwetu Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulishughulikia jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, CT na uvimbe wa ubongo vimekwenda pamoja.

Imechukua nusu karne kifaa hicho kutufikia kwa wingi. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3 tuliouzoea kwa jina la fedha za UVIKO-19, ulinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua ambayo siwezi kuibeza. Kabla yake watu wa hapa walikuwa wanakwenda Mbeya, au wanapanda milima ya Makete hadi hospitali ya Wakonsolata ya Ikonda, ambayo jina lake limewavuta wagonjwa kutoka pande zote za nchi. Ila mashine ya CT hutoa vipande vingi vya picha kwa kichwa kimoja katika muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na daktari bingwa wa kuvisoma hapatikani kwa kasi hiyo. Picha inapigwa Jumatatu, msomaji ni mmoja kwa foleni nzima, au yuko mji mwingine kabisa. Zile siku mbili tulizosubiri sisi zilikuwa nafuu. Hapa ndipo kompyuta inayosoma ingekuwa na kazi ya kweli.

Inasomaje? Kwa kompyuta, picha ya kichwa ni namba. Picha yenye nukta 512 kwa 512 ni namba 262,144, kila moja ikieleza weupe au weusi wa nukta yake. Programu hupitisha vidirisha vidogo juu ya namba hizo, kimoja kikitafuta ukingo, kingine kikitafuta duara, kingine mkwaruzo. Kilichopatikana hupelekwa tabaka la pili linalounganisha kingo kuwa maumbo, kisha la tatu, la nne, hadi makumi. Hiyo ndiyo maana ya jina lake, ujifunzaji wa kina: kina ni idadi ya tabaka, si kina cha hekima. Mwanzoni hubahatisha. Inaonyeshwa picha, inajibu, inasahihishwa, na kila kosa hurudi nyuma kupitia tabaka zote likisogeza mizani ndogondogo mamilioni. Hufanyiwa hivyo maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka makosa yanapungua. Hakuna anayeiambia uvimbe ni nini. Inachoambiwa ni jina tu la kila picha, na mengine inajitafutia.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea albamu iliyofundishiwa. Albamu iliyotumika mno katika tafiti hizi ilikusanywa China, katika hospitali za miji ya Guangzhou na Tianjin, kati ya mwaka 2005 na 2010. Ina picha 3,064 za aina tatu za uvimbe: glioma, unaoota kutoka kwenye seli zinazoshikilia ubongo wenyewe, picha 1,426, meninjioma, unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo, picha 708, na uvimbe wa tezi ya pituitari iliyo kama punje ya kunde chini ya ubongo, picha 930. Ni kazi nzuri, na waliotoa picha hizo bure wamewasomesha vijana wengi duniani.

Lakini picha hizo 3,064 zilitoka kwa watu 233. Gawanya mwenyewe: kila mtu ametoa vipande 13 hivi vya kichwa chake kilekile. Watafiti wengi huchanganya vipande vyote kama karata, wakachukua sehemu kubwa kufundishia na iliyobaki kutahinia. Matokeo yake mgonjwa mmoja anakuwa darasani na tena kwenye chumba cha mtihani. Ni sawa na mwanafunzi aliyeonyeshwa kurasa 12 za daftari pamoja na majibu yake, halafu akapewa ukurasa wa 13 wa daftari hilohilo. Akipata 99 tutamsifu kwa kumbukumbu. Kama anaweza kusoma daftari la mtu mwingine bado hatujui. Wanaotenganisha kwa wagonjwa badala ya vipande huona alama zikishuka, na alama hizo zilizoshuka ndizo zinazomhusu mgonjwa aliyeko foleni.

Kuna albamu nyingine kubwa zaidi, ya picha 7,023, iliyotengenezwa kwa kuunganisha albamu kadhaa na kuongeza kisanduku cha nne cha majibu, cha vichwa visivyo na uvimbe. Picha za vichwa vizima zilichukuliwa kutoka chanzo kingine tofauti na picha za wagonjwa. Mashine ni mvivu kwa namna ambayo mwanadamu aliyechoka anaweza kuielewa: ikiona kwamba weusi wa pembeni au ukali wa mwanga unatosha kutofautisha chanzo kimoja na kingine, haitajisumbua kuutafuta uvimbe. Si dhana tupu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliojaribu mashine za kusoma nimonia kwenye picha za kifua, zaidi ya picha 158,000 za taasisi tatu, waligundua kwamba mashine iliweza kutambua picha imepigwa hospitali gani karibu bila kukosea, na kwamba ilipopelekwa hospitali ambayo haikufundishiwa, mara nyingi uwezo wake ulipungua. Ilikuwa imejifunza hospitali pamoja na ugonjwa.

Na hapo bado hatujafika Njombe.

Mtoto aliyekulia kwenye mashamba ya miti ya huku, akafundishwa majina matatu tu, msindano, mwati na mlingoti, halafu akaonyeshwa mparachichi na kuamriwa achague jina moja kati ya hayo matatu, atachagua. Pengine atasema mlingoti, kwa sababu ya jani. Hatakuwa mjinga, amefungiwa njia nyingine. Mashine nyingi za kuainisha uvimbe zimejengwa hivyohivyo. Hesabu yao ya mwisho inazilazimisha kugawa asilimia 100 yote kati ya visanduku vilivyopo. Ukiiwekea picha ya mabuu ya tegu, itagawa: glioma asilimia 87, meninjioma 9, na kadhalika, na daktari kijana wa zamu ya usiku ataona 87 akadhani ni uhakika. Kisanduku cha “sijui” hakimo.

Sasa tazama ni magonjwa gani yanayokaa kwenye vichwa vya watu wa mkoa huu. Nyanda hizi za kusini ni nchi ya nguruwe. Kaya nyingi zina nguruwe wa ada ya shule, na kitimoto ni chakula cha sokoni kutoka Makambako hadi Ludewa. Pale nguruwe wanapozurura na vyoo ni haba, tegu hukamilisha mzunguko wake. Watu wengi hukosea hapa, kwa hiyo niseme taratibu. Ukila nyama yenye vile vilengelenge vyeupe mfano wa punje za mchele, isiyoiva, unapata mnyoo tumboni. Anayepata mabuu ubongoni ni yule anayemeza mayai ya mnyoo huyo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu, kupitia maji, mboga au mikono. Yaani hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kuupata. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanatokana na tegu huyu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwa kikimchunguza kwa miaka mingi.

Halafu kuna VVU. Njombe ndiyo inayoongoza nchini: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wanaishi na virusi, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Kinga ikishuka, kijidudu cha toksoplazma kilichokuwa kimelala mwilini huamka na kutengeneza uvimbe ubongoni. Kifua kikuu nacho hupanda huko na kuacha vinundu. Mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha picha, toksoplazma, kinundu cha kifua kikuu, buu la tegu linalokufa na saratani mbaya ya glioma vyote vinaweza kuonekana kama pete nyeupe yenye kiini cheusi. Pete moja, magonjwa manne, tiba nne ambazo hazifanani hata kidogo. Matatu kati ya hayo hutibika kwa vidonge. Albamu za ng'ambo zina jina la ugonjwa mmoja tu, ule mbaya kuliko yote.

Kosa la namna hiyo kwa nchi ambayo toksoplazma na tegu ni nadra ni dogo. Kwetu ndilo kosa lenyewe.

Kuna pengo jingine ambalo linashangaza kwamba halisemwi. Albamu zote hizo ni za MRI, picha inayotokana na sumaku na hidrojeni iliyomo mwilini. Mashine nyingi za mikoani kwetu ni CT, inayotumia eksirei. Ni picha za asili mbili. Kwenye CT mfupa ni mweupe pe. Kwenye MRI mfupa hauonekani sana. Programu iliyofundishwa kwa moja haiwezi kuisoma nyingine, kama vile anayejua kusoma ramani ya barabara hawezi kwa elimu hiyo kusoma ramani ya mvua. Na hata ikisoma vizuri kabisa, jina la mwisho la uvimbe halitoki kwenye picha: tangu mwaka 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aina nyingi za uvimbe wa ubongo zitajwe kwa kupima pia vinasaba vya kinyama kilichokatwa.

Mtu ataniuliza, asilimia 95 si bora kuliko kukaa bila daktari? Tufanye hesabu ya mfano. Watu 1,000 wanaoumwa kichwa wapigwe picha, na 10 kati yao wawe na uvimbe kweli. Mashine inayopatia kwa asilimia 95 pande zote itawakamata tisa au kumi wote. Kwa wale 990 wazima itakosea asilimia 5, ambao ni karibu watu 50. Kwa hiyo watu karibu 60 watapewa bahasha, na 50 kati yao hawana kitu. Familia 50 zitauza nguruwe na misindano michanga. Nimeiona familia moja ikifanya hivyo, na ile moja ilinitosha.

Kuna wanaojibu kwamba yote haya yatakwisha mashine zikikua. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa elimu hii ambaye baadaye mwaka 2024 alipata Nobel ya fizikia, alishauri vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano hivi kompyuta ingewapita. Miaka hiyo imepita na hospitali za nchi tajiri bado zinawatafuta madaktari hao kwa tochi. Kazi ya yule daktari wa Dar ilikuwa kutazama picha, ndiyo, lakini iliyomwokoa mama mdogo ilikuwa kugeuka na kuuliza habari za banda la nguruwe.

Nina ushahidi wa aina mbili kwamba njia nyingine ipo, na wa kwanza ni wa hapa nchini. Watafiti waliotaka simu itambue magonjwa ya muhogo hawakuchukua picha za majani ya maabara za Ulaya. Walikwenda kwenye mashamba ya Bagamoyo, wataalamu wa muhogo wakataja kila jani lina nini, batobato au michirizi ya kahawia au utitiri, wakaifundisha programu kwa majani hayo, na matokeo yake wakayachapisha mwaka 2017. Mkulima akapata programu inayofanya kazi kwenye simu bila intaneti, ikaitwa Nuru. Visanduku vyake ni vya magonjwa yaliyopo shambani kwake.

Wa pili unatoka Nigeria. Kundi la wanasayansi Waafrika, wakiongozwa na watu kama Udunna Anazodo na Maruf Adewole, walikusanya picha za MRI za wagonjwa 146 kutoka vituo sita vya Nigeria, 95 wakiwa na glioma na 51 wakiwa na uvimbe wa aina nyingine, wakazitoa hadharani kwa jina la BraTS-Africa. Mashindano ya kimataifa ya kuchora mipaka ya uvimbe yalikuwapo tangu 2012, lakini ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya picha za Afrika kuwekwa mezani. Picha zao zina ukungu zaidi, kwa sababu ya mashine zenye sumaku dhaifu na kwa sababu wagonjwa hufika wamechelewa, uvimbe umeshakuwa mkubwa. Vijana wa Kiafrika waliozifanyia kazi waliona kwamba programu iliyofundishwa kwa picha za ng'ambo pekee hupungukiwa, na ikiongezewa hata picha hizi chache hupata nafuu. Wagonjwa 146 si wengi. Mkoa mmoja wa Tanzania ukijipanga unaweza kufikisha idadi hiyo.

Kwa hiyo ninachokitaka Njombe ni hiki. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kibena, Ilembula, Ikonda, na wenzao wa Mbeya ambako wengi hupelekwa, wakubaliane kutunza albamu moja ya CT za kichwa. Wasianze na swali la aina gani ya uvimbe. Waanze na swali la foleni: kichwa kipi kisomwe sasa hivi? Damu iliyovuja, maji yaliyojaa, ubongo uliosukumwa upande mmoja, hivi CT huvionyesha vizuri na kompyuta inaweza kufundishwa kuvipandisha juu ya orodha ili daktari aliye Mbeya au Dar avione kwanza. Hiyo peke yake itaokoa watu. Kisha ndipo vije visanduku vya kwetu, tegu, toksoplazma, kifua kikuu, saratani, na kisanduku kikubwa cha “sijui, mwite mtu”.

Gharama ya picha imeshalipwa. Zinapigwa kila siku. Kitu adimu ni jibu la mwisho la kila picha. Mgonjwa akipanda basi Makambako, hospitali aliyotoka humpoteza. Kama alipasuliwa, kama kinyama kilisema ni nini, kama pete ilitoweka baada ya dawa, habari hizo hubaki Dar au kaburini. Hospitali ile iliyotuambia kuna uvimbe, hadi leo hakuna aliyetuuliza ulikuwa uvimbe gani. Sisemi kwa kinyongo. Hakuna daftari la kuandikia jibu hilo, hakuna mtu ambaye kazi yake ni kupiga simu baada ya miezi sita na kusema, shikamoo mama, unaendeleaje? Mtu huyo mmoja, mwenye simu na daftari, atafaa kuliko kompyuta kumi za bei mbaya, maana bila yeye kompyuta zote kumi zitafundishwa kwa kubahatisha.

Na waulizwe wenye vichwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sitaki kusikia siku moja kwamba maelfu ya vichwa vya Wabena, Wakinga na Wapangwa vilisafiri kwenye diski kwenda nchi nyingine, vikarudi vikiwa programu tunayouziwa kwa dola. Mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, akubali au akatae, na hospitali za mkoa ziwe na haki ya kilichotokana na picha zake. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo iulize kila muuzaji wa programu maswali mawili kabla ya kumruhusu: ulifundishia vichwa vya nani, na je, ina uwezo wa kusema haijui?

Nilikwenda kumsalimia mama mdogo baada ya kuanza kuyasoma haya. Kamwene, kamwene, akanikalisha jikoni karibu na moto, maana baridi ilikuwa kali. Nguruwe anao tena, watatu, kwenye banda la mbao lililoinuliwa, hawatoki. Nikamwuliza bahasha iko wapi. Akaenda chumbani, akaitoa chini ya godoro. Picha zimeanza kushikana pembeni kwa unyevu. Nikamweleza kadiri nilivyoweza kwamba kuna watu wanataka kuifundisha kompyuta kwa picha kama hizo, na kwamba ya kwake ina thamani kwa sababu jibu lake linajulikana, nikamwuliza kama siku wakija atawapa.

Aliitazama picha ya kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza nyuma, ambako hakuna kilichoandikwa zaidi ya jina na tarehe.

“Nitawapa, mwanangu,” akasema. “Ila waandike na nguruwe walikuwa wanalala wapi.”